Dawa za Miti: Zipi Zatufaa, na Wakati Gani?

Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wazee na akina mama katika baraza moja la Pwani.



Nimeombwa niseme nanyi kidogo juu ya dawa za miti. Labda baadhi yenu mmekuja mkidhani kwamba mtu aliyefanya kazi miaka mingi katika zahanati hana neno juu ya mizizi na majani ila kuyalaumu. Sivyo. Mimi nililelewa na nyanya yangu, na kabla sijaijua sindano niliujua uchungu wa mwarobaini.

Mti huu, ambao wengine wetu huuita mkilifi, asili yake ni Bara Hindi, lakini umeizoea ardhi yetu hata wengi hudhani ulikuwako tangu mwanzo. Jina lake latokana na sifa kwamba huponya maradhi arobaini. Nyanya aliyachemsha majani yake akatuogesha tulipotokwa na upele, na vijiti vyake ndivyo vilivyokuwa mswaki wetu. Sioni haya kuyasema hayo.

Tena yafaa tukumbuke kwamba dawa nyingi za hospitali zimetoka katika miti. Kwinini ilitoka katika gome la mti wa Amerika ya Kusini, na mwaka 1820 mabwana wawili Wafaransa, Pelletier na Caventou, walifaulu kuitenga dawa yenyewe na gome. Kadhalika, dawa ya malaria ambayo Kenya iliichagua mwaka 2004 kuwa ya kwanza kupewa wagonjwa ina asili yake katika mmea wa China wa jamaa ya pakanga. Bibi mmoja wa China, Tu Youyou, alisoma kitabu cha mganga aliyeishi zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Kitabu kile kilisema mmea uloweshwe katika maji kisha ukamuliwe, hakikusema uchemshwe. Ndipo alipofahamu kwamba huenda moto ndio uliokuwa ukiiharibu nguvu ya dawa. Akabadili njia, na mwaka 1972 dawa yenyewe ikapatikana. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel.

Hapo pana funzo. Wazee wa kale waliujua mmea, lakini nguvu yake ilihitaji kupimwa. Jani la shamba hili laweza kuwa na dawa nyingi, na la shamba la pili likawa na kidogo tu. Anayekunywa chai ya pakanga hajui amekunywa kiasi gani. Kwa sababu hiyo, mwaka 2019 Shirika la Afya Ulimwenguni lilisema kwamba haliungi mkono kuitumia chai hiyo kwa kutibu au kuzuia malaria.

Sasa nitawaambia habari ya nyumbani kwetu. Ndugu yangu mdogo alipokuwa na umri wa miaka 3 alishikwa na homa jioni. Nyanya akamnywesha mwarobaini, akamfukiza kwa majani. Kesho yake homa ikapoa kidogo, tukafurahi. Usiku wa pili ikarudi kwa nguvu, na alfajiri mtoto akapatwa na degedege. Jirani mmoja akasema, "Huyu ana nyuni, ni yule ndege apitaye juu ya watoto, mkimpeleka akadungwa sindano atakufa." Nyanya alinyamaza. Kisha akajifunga kanga, akambeba mtoto mgongoni, akasema, "Dawa yangu naijua, na najua ilipokoma." Akatembea hadi hospitali. Mtoto alipona, lakini tuliambiwa kwamba tungalichelewa hata mchana ule, tungalirudi na maiti.

Mama zangu, nyanya hakuidharau dawa yake siku ile. Aliijua mipaka yake, na kujua mipaka ndio uganga wenyewe. Mtoto akiwa na homa, apimwe damu siku hiyo hiyo. Tone moja la kidoleni latosha, na jibu hupatikana kwa muda wa dakika 15 au 20. Akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akipatwa na degedege au akiwa haamki, msingoje jambo lolote. Wala msimnyweshe mtoto mafuta ya mwarobaini, kwani yamepata kuwadhuru watoto vibaya sana. Na kama mmekwisha kumpa dawa ya miti, mwambieni mganga wa hospitali bila kuficha. Hamtashtakiwa, ila yeye apaswa kujua ni nini kilichomo mwilini.

Juu ya vyakula vya kuongeza nguvu nitasema machache. Siku hizi huuzwa vikopo vya unga wa mlonge kwa bei kubwa, na huku mlonge umesimama uani. Majani yake, pamoja na mchicha, mnavu na majani ya kunde, ni chakula chema cha mwili na damu. Papai, embe na viazi vitamu vya rangi ya machungwa vina vitamini A, ambayo ikikosekana mtoto hushindwa kuona wakati wa magharibi. Kisamvu nacho ni kizuri, lakini kitwangwe na kuchemshwa sana kama walivyofanya mama zetu, maana kikiwa kibichi kina sumu.

Mwisho, tuitunze miti yenyewe. Katika misitu ya Mlima Kenya uko mti ambao Wakikuyu huuita mũiri. Gome lake limetafutwa na wafanyi biashara wa ng'ambo kwa dawa ya maradhi ya wazee wanaume, hata mwaka 1995 biashara yake ikawekwa chini ya ulinzi wa mataifa. Achunaye gome pande zote huua mti, na mti uliokufa hauponyi mtu.

Basi, pandeni mwarobaini, kuleni mlonge, waulizeni wazee wangali hai. Lakini homa ya mtoto ikifika, fanyeni kama nyanya yangu: jifungeni kanga, mwende.