Mtoro na Mkimbizi: Lugha ya Kuvuka Mpaka kwa Kukwepa Jeshi



Mtu anayevuka mpaka ili asichukuliwe kwenda vitani ana majina mawili katika Kiswahili. Kule anakotoka huitwa mtoro. Kule anakoingia, akibahatika, huitwa mkimbizi. Mhadhara huu unahusu majina hayo mawili, na dai lake ni kwamba linaloyatenganisha ni swali moja: aliyeondoka alikuwa wa nani? Anayetamka neno "mtoro" amekwisha kulijibu swali hilo, aghalabu bila kujua kwamba ameulizwa.

Hapana budi kuanza na sarufi, kwa kuwa sarufi ndiyo iliyohifadhi jambo hili vizuri kuliko kumbukumbu za watu. Kitenzi kukimbia hupokea yambwa inayotaja hatari: mtu amekimbia vita, amekimbia njaa, amekimbia deni. Kikinyambuliwa katika kauli ya kutendea huelekea mahali pa usalama: amekimbilia msikitini, amekimbilia Burundi, na kutokana nacho lugha imepata nomino kimbilio. Kitenzi kutoroka, katika matumizi yake ya kawaida, hutaja mahali au mamlaka ambayo mtu alipaswa kubaki chini yake: ametoroka shule, ametoroka jela, ametoroka kambini. Kwa hiyo kukimbia hudokeza hatari iliyopo, ilhali kutoroka hudokeza haki ya mtu mwingine iliyovunjwa. Kauli ya kutendesha inalithibitisha hilo: anayemtorosha mtu anashukiwa kumwibia mwenyewe, awe mzazi, mume, bwana au serikali.

Nomino zilizotokana na vitenzi hivyo nazo zina mambo ya kutazamwa. Mkimbizi imeundwa kwa kanuni ile ile iliyotupatia mnunuzi kutokana na kununua, mlezi kutokana na kulea, na mtembezi kutokana na kutembea. Sauti ya kale iliyokwisha kutoweka baina ya irabu hujitokeza kama /z/ mbele ya kiambishi tamati -i. Kwa kiambishi -aji lugha imeunda mkimbiaji, naye ni mwanariadha. Mzizi mmoja umewazaa wawili hawa, na hakuna mzungumzaji anayewachanganya: mmoja hukimbia kwa kupenda na mwingine kwa kulazimika. Mtoro, kwa upande wake, ni nomino fupi iliyoidondosha -k- ya kitenzi chake, na haina mwenzi wa namna hiyo. Lugha haikuona haja ya kumtofautisha mtoro wa hiari na mtoro wa lazima. Mwanafunzi aliyekwenda kuogelea mtoni badala ya kusoma hesabu, na kijana aliyeikwepa bunduki, wote ni watoro.

Ukali wa neno hili ulitoka wapi? Katika karne ya 19, mtoro wa pwani alikuwa kwanza kabisa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Watoro walianzisha makazi yao katika nyika ya nyuma ya Malindi na Mombasa, Fuladoyo yakiwa mojawapo, na wengine walipata hifadhi Witu chini ya Sultani Ahmed, aliyeitwa Simba. Wengine waliingia katika vituo vya wamisionari, Rabai hasa. Mabwana walipodai watu wao warudishwe, George Mackenzie wa Kampuni ya Kifalme ya Waingereza ya Afrika Mashariki aliwalipa fidia, na mwanzoni mwa mwaka 1889 watoro wapatao 1,400 walipewa hati za uhuru. Tendo hilo limesifiwa, na wale waliopata hati walikuwa na kila sababu ya kulifurahia. Lakini kwa mtazamo wa maana za maneno, fidia ilikuwa ni kukiri kwamba neno lilikuwa sahihi. Aliyelipwa alilipwa kwa sababu aliyeondoka alikuwa wake.

Neno lenye historia hiyo ndilo lililokuwa tayari mdomoni vita vilipofika Afrika Mashariki mwaka 1914. Ilikuwa vita ya mabegani. Malori yalikwama matopeni, wanyama waliuawa na ndorobo, na mizigo ikabaki kwa binadamu. Inakadiriwa kwamba Waingereza peke yao walitumia wapagazi wapatao milioni moja kutoka makoloni mbalimbali, na kwamba zaidi ya 95,000 kati yao walikufa, wengi wao kwa kuhara damu, malaria na nimonia, mara nyingi baada ya kulishwa unga wa mahindi usioiva ambao matumbo yao hayakuuzoea. Katika Kenya ya sasa, sheria ya mwaka 1915 iliruhusu kuwachukua watu kwa nguvu, na mwaka 1917 ukafanywa mkusanyo mkubwa uliosimamiwa na John Ainsworth. Machifu na wazee wa vijiji walitakiwa kutoa watu. Mpagazi hakupewa bunduki. Kwa jina hakuwa askari. Lakini hakuna aliyeshuhudia msafara ukirudi nusu ambaye angeona tofauti hiyo ina uzito.

Kiswahili kimeitunza vita hiyo katika ramani zake. Kikosi cha wapagazi kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na kutokana nacho Dar es Salaam ina Kariakoo, na Nairobi ina Kariokor. Askari wa King's African Rifles wakaitwa Keya, kwa kuzisoma herufi tatu za jina la jeshi lao. Waliochukuliwa wameacha majina mitaani. Waliokataa kuchukuliwa hawakuacha jina popote, isipokuwa katika daftari za maofisa, walikohesabiwa kama watoro. Vita vilipokwisha, tangu mwaka 1919 kipande kilianza kutekelezwa Kenya: karatasi yenye alama za vidole ambayo mwanamume Mwafrika alilazimika kuichukua, aghalabu ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni. Moja ya kazi zake ilikuwa kumsaka mfanyakazi aliyeacha kazi. Mtoro sasa aliweza kujulikana kwa kidole chake.

Wapo waliovuka mipaka. Katika Msumbiji, Wareno walidai wapagazi wa kwenda kupigana na Wajerumani kaskazini, na dai hilo, likiongezewa juu ya kazi za shuruti za barabara, lilichochea uasi wa Barue mwezi Machi 1917. Uasi ulipozimwa, maelfu walivuka kuingia Rhodesia ya Kusini na Nyasaland. Nyasaland yenyewe haikuwa pepo. Huko ndiko mchungaji John Chilembwe alikoandika barua ya kupinga Waafrika kufa katika vita visivyo vyao, mwishoni mwa mwaka 1914. Baada ya uasi wake mfupi wa Januari 1915 aliuawa karibu na mpaka, akijaribu kuingia Msumbiji. Yaani mpaka mmoja ulikimbiwa kutoka pande zote mbili ndani ya miaka mitatu. Jambo hili linastahili kuwekwa mbele ya kila anayedhani kwamba waliovuka walikuwa wakichagua serikali nzuri. Walikuwa wakichagua serikali ambayo, kwa juma lile, haikuwa imefika mlangoni pao.

Picha iliyo wazi zaidi inatoka Afrika Magharibi, mbali na Waswahili, nayo inafaa kwa kulinganisha kwa sababu Wafaransa walichukua askari wenyewe, si wapagazi tu. Amri ya mwaka 1912 ilikuwa imeruhusu kuandikisha kwa lazima, na kampeni ya 1915 na 1916 ilidai watu 50,000. Katika eneo la Volta na Bani watu walishika silaha. Kwingineko walihama: kutoka Senegal kwenda Gambia, kutoka Ivory Coast na Volta ya Juu kwenda Gold Coast, kutoka Dahomey kwenda Nigeria. Gavana Mkuu Joost van Vollenhoven alipinga uandikishaji zaidi, na alipoona Paris imemtuma Blaise Diagne kuuendesha mwaka 1918, alijiuzulu akarudi vitani, akauawa mwaka huo huo. Diagne alipata zaidi ya watu 60,000. Mwaka 1976 mwanahistoria A. I. Asiwaju alichapisha makala aliyoyaita uhamaji huo kuwa ni uasi. Mchango wake mkubwa, kwa mtazamo wa mhadhara huu, ni wa msamiati: watu walioitwa watoro kwa miaka sitini aliwapa jina la waasi, yaani watu wenye hoja.

Hata hivyo pana upande ambao Asiwaju hakuusisitiza, nao haufai kupuuzwa. Mzee wa kijiji aliyetakiwa kutoa watu kumi alitakiwa kutoa kumi. Aliyeondoka usiku aliacha nafasi, na nafasi hiyo ilijazwa asubuhi na ndugu yake au jirani. Ndiyo maana neno "mtoro" halikutoka vinywani mwa maofisa pekee. Mama ambaye mwanawe alichukuliwa badala ya mwana wa jirani alikuwa na haki ya kulitamka, na alipolitamka hakuwa akitetea serikali. Alikuwa akisema kwamba kijana yule alikuwa wao pia, na aliwaacha. Nadharia ya maana isiyoweza kumpa mama huyo nafasi yake ni nadharia pungufu.

Itapingwa, na itapingwa kwa haki, kwamba mgawanyo uliotolewa hapa ni wa Kiswahili cha Tanzania zaidi. Magazeti na redio za Kenya husema kwa kawaida kwamba wakazi "wametoroka makwao" kwa sababu ya mafuriko au mapigano, pasipo kuwalaumu hata kidogo. Mtanzania angesema "wameyakimbia makazi yao", na masikio yake hushtuka kidogo asikiapo ile ya kwanza. Pingamizi hili ni zito, lakini linaishia kwenye kitenzi. Kenya nzima haiwaiti waathirika hao wa mafuriko watoro; wanaitwa wakimbizi au waliohamishwa. Kitenzi kimelainika kwa kutumika sana, nomino imebaki na makali yake. Si ajabu: kitenzi hueleza alilofanya mtu siku moja, nomino humwambia yeye ni nani.

Tofauti hii ina uzito kwa sababu sheria nayo imeitegemea. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 haumtaji mtu anayekwepa jeshi. Mwongozo wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi wa mwaka 1979 ndio uliomshughulikia. Unasema kwamba hofu ya kushtakiwa kwa kukwepa jeshi haitoshi peke yake. Lakini hutosha iwapo adhabu itazidishwa kwa sababu ya dini, kabila au siasa, au iwapo vita vyenyewe vimelaaniwa kwa kuvunja kanuni za msingi za ubinadamu. Mwaka 2013 shirika hilo lilitoa maelekezo mapya yanayohusu utumishi wa jeshi, yakiwemo ya kuchukuliwa kwa nguvu na makundi yasiyo ya serikali. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 ni mpana zaidi, kwani unamkubali anayekimbia machafuko makubwa hata kama hakulengwa yeye binafsi. Vijana wa Eritrea, ambao utumishi wao wa miezi 18 uliowekwa na sheria ya 1995 uligeuka kuwa usio na mwisho baada ya vita na Ethiopia vya 1998 hadi 2000, wamevuka kwenda Ethiopia na Sudan kwa makumi ya maelfu. Nchi yao imewaona watoro. Wengi wao walipewa hifadhi.

Sheria hizo zinatenganisha watu watatu: askari aliyeacha kikosi, raia aliyeitwa jeshini asiitike, na raia aliyekimbia kabla hajakamatwa. Kiswahili kina "mtoro" kwa wote watatu. Kwa yule wa pili limeanza kusikika "mkwepaji", neno lisilo baya, kwani mtu hukwepa pigo; bahati mbaya wakwepa kodi wamelichafua. Wa tatu hana jina lake, na huyo ndiye anayekutwa zaidi mbele ya wakalimani wa Kiswahili leo.

Mwezi Februari 2025, baada ya waasi wa M23 kuingia Goma na kisha Bukavu, makumi ya maelfu ya Wakongo walivuka Ruzizi kuingia Burundi. Wengi walilala katika uwanja wa michezo wa Rugombo kabla ya kupelekwa kambi ya Musenyi. Katika miezi ile ripoti za Umoja wa Mataifa zilieleza kukamatwa na kuingizwa vitani kwa nguvu kwa vijana na hata watoto katika maeneo ya mapigano. Mwenyeji wa Burundi huwaita waliofika impunzi, neno lililoundwa kutokana na guhunga, kukimbia, kwa kanuni ile ile ya mkimbizi, /g/ ikigeuka /z/ mbele ya -i. Kijana wa Uvira hahitaji kamusi kulielewa. Lakini akihojiwa kwa Kiswahili, kisha maelezo yake yakaandikwa kwa lugha nyingine, anaweza kusema tu "nilitoroka", akiwa na maana kwamba waliokuja kumchukua hawakumpata. Mkalimani aliyesomea Kiswahili sanifu anaweza kulisikia kama tamko la mtu aliyekuwa tayari ndani ya kikosi, na kumwandika hivyo, na mwamuzi wa ombi lake, asiyejua Kiswahili, akataka kujua ni kikosi gani na alifanya nini humo. Swali la kumuuliza kijana huyo kabla ya kuandika chochote ni fupi: ulitoroka wapi, au ulimkimbia nani?