Shujaa na Ngoma Yake

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Mtwara)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu, ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, na ninyi vijana ambao bado mnaamshwa na kengele ya alfajiri:

Katibu wetu aliponitaka nizungumze leo, alinipa ruhusa ya kuchagua jambo lolote, ila siasa na mishahara. Mtumishi wa serikali akiondolewa mambo hayo mawili, hubakiwa na machache ya kusema. (Vicheko.) Basi nimechagua kuzungumza juu ya muziki wa sinema za mashujaa, yaani zile za Superman, Batman, Iron Man na wenzao, ambazo vijana hawa huzitazama kila wapatapo nafasi. Sisi nasi tulizitazama katika vibanda vya video vya mji huu, tumebanana kwenye mabenchi, huku mtafsiri akitueleza kwa Kiswahili kila kilichotendeka, hata kile tulichokuwa tukikiona kwa macho yetu wenyewe.

Huenda mzee mmoja akauliza kama hilo ni jambo la kuzungumzwa na watu wazima. Nasema ni jambo letu hasa, sisi watu wa Ruvuma, na naomba mnivumilie nieleze kwa nini.

Mwaka 1978 ilitoka sinema ya Superman. Muziki wake ulitungwa na Mmarekani John Williams, ukapigwa na okestra ya London Symphony. Tarumbeta zikianza tu, mtoto aliyekaa nyuma asiyeona kitu alijua nani anakuja. Mwaka 2025 ilipotengenezwa sinema mpya ya shujaa huyo huyo, watengenezaji wake waliurudia muziki ule. Miaka 47 ilikuwa imepita, nao ulikuwa bado ni jina lake.

Sasa mchukueni Iron Man. Sinema zake tatu, za mwaka 2008, 2010 na 2013, zilitungiwa muziki na watu watatu: Ramin Djawadi, John Debney na Brian Tyler. Wote ni mafundi. Lakini kila mmoja alikuja na wimbo wake, akaondoka nao. Ninyi vijana mnaijua kila njuti ya vazi la Iron Man. Nani kati yenu aweza kupiga mluzi wa wimbo wake? (Kimya, kisha vicheko.) Hayo ndiyo ninayoyasema.

Wapo wasemao kwamba muziki wa sinema haupaswi kukumbukwa. Kazi yake ni kusaidia picha, basi. Hoja hiyo ina ukweli kiasi. Lakini mwaka 2008, katika The Dark Knight, Hans Zimmer alimpa yule adui, Joker, karibu sauti moja tu, inayovutwa kama waya unaokaribia kukatika. Hakuna wimbo hapo wa kupigia mluzi. Hata hivyo sauti ile ni ya Joker, wala haiwezi kuwa ya mwingine. Kwa hiyo siulizi kama muziki ni mtamu. Nauliza: ni wa nani?

Kwa nini basi sinema nyingi za siku hizi zina muziki usio wa mtu? Watunzi hodari wapo, na fedha ni tele. Kasoro ni katika namna ya kufanya kazi. Kabla mtunzi hajaanza kutunga, mhariri hupachika muziki wa sinema nyingine, ili picha zisiwe bubu. Ni muziki wa muda tu. Mwongozaji huitazama kazi hiyo wiki baada ya wiki, masikio yake yakazoea. Mtunzi anapofika huambiwa: “Tutungie kama huu, ila usiwe huu wenyewe.” Naye afanyeje? Hutunga mfano wa mfano. Sinema ya mwaka ujao nayo hupachikwa muziki wake huyo, na mwendo huwa ni ule ule. Juu ya hayo huongezwa milipuko na vishindo mpaka muziki ukazama. Wahenga walikwisha sema kuwa ngoma ikivuma sana hupasuka.

Ndugu zangu, msidhani ugonjwa huo uko Hollywood peke yake. Niliwahi kukaa katika kikao cha ofisi moja, ambayo sitaitaja, tukaonyeshwa filamu fupi juu ya zao la korosho. Akina mama walikuwa mashambani wakiokota, watoto wakitenganisha mabibo, na nyuma yao zikilia fidla za Ulaya, kana kwamba theluji ingeanguka Newala wakati wowote. Nikauliza juu ya muziki ule. Nikajibiwa kuwa ni wa muda tu. Filamu ile ilitoka vile vile, na sikumsikia mtu mwingine akiuliza.

Sasa niseme juu ya sinema iliyofanya vizuri. Mwaka 2018 ilitoka Black Panther, juu ya mfalme T'Challa wa nchi ya kubuni iitwayo Wakanda. Mtunzi wake, Ludwig Göransson, ni mtu wa Sweden. Kabla ya kutunga alikwenda Senegal, akafuatana na mwimbaji Baaba Maal katika safari zake za muziki, akisikiliza na kunasa sauti. Huko alikutana na Massamba Diop, mpigaji wa tama, ile ngoma ndogo inayobanwa kwapani, ambayo ikikazwa au kulegezwa hupanda na kushuka kama sauti ya mtu anayesema. Akamwomba alitamke jina la mfalme kwa ngoma. Basi katika sinema ile, tama inapolia inaita: T'Cha-lla. Adui wa mfalme alipewa filimbi ya Wafulani. Okestra iliingia pia, lakini ilipangwa kuizunguka ngoma ile. Mwaka 2019 muziki huo ulipata tuzo ya Oscar.

Mlipoisikia tama ikimwita mfalme, je, hamkukumbuka kitu? Sisi tuliolelewa huku tunaijua ngoma ya vinyago. Wengine tunaiita midimu, na ndugu zetu wa ng'ambo ya Ruvuma wanaiita mapiko. Sitafunua hapa mambo ya jando; aliyeingia anajua, na asiyeingia asubiri. Nasema tu yale yanayoonekana uwanjani. Ngoma hupashwa moto wa majani makavu mpaka ngozi ikaze. Wapigaji huanza, watu hukusanyika. Kisha mwenye ngoma kuu huita, na yule aliyefunikwa kinyago kichwani na nguo mwili mzima hutokea. Ngoma ikisema, bega hujibu. Ikikatika, naye huganda pale pale, mguu juu. Ondoeni ngoma, atabaki mtu amevaa gogo kichwani, akitoka jasho. Huyo ndiye shujaa wetu mwenye nguvu zisizo za kawaida, na nguvu hizo humtoka mpigaji.

Na hapa ndipo penye jambo lililonileta mbele yenu. Wakanda huelezwa kuwa nchi ya Afrika Mashariki. Lakini lugha inayosemwa humo ni Kixhosa cha Afrika Kusini, na ngoma yake ni ya Senegal. Sisemi haya kwa kuwaonea Wasenegali wivu, wamestahili. Najiuliza tu mgeni yule angekuja kwetu angempata nani wa kumwongoza, na angesikiliza nini. Baada ya Senegal, Göransson alikwenda Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Kiafrika iliyoanzishwa na Hugh Tracey mwaka 1954, akakaa humo akisikiliza. Tracey huyo alipita Tanganyika mwaka 1950 na mashine yake ya kunasa sauti, akawanasa wazee wetu wa makabila kadhaa. Kumbe zipo sauti za nchi yetu, na zimetunzwa vizuri. Ila ukizitaka utavuka mipaka.

Wapigaji wakubwa wa Kitaya, Mahurunga, Msimbati na Madimba hawazidi kuwa vijana. Mzee akizikwa, kilichokuwa mikononi mwake huzikwa naye, isipokuwa kama kuna kijana aliyefundishwa au mashine iliyonasa. Bila hivyo, siku watakapotaka kutengeneza sinema ya pwani yetu, watapachika muziki wa muda, na huo wa muda utakuwa ndio wa milele.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, natoa pendekezo. Shule yetu ianzishe chama cha kunasa ngoma. Simu za siku hizi zinatosha kwa kuanzia, na sisi wa zamani tuchange vipaza sauti viwili vizuri na mahali salama pa kuhifadhia kazi. Vijana waende vijijini wakati wa likizo, pamoja na mwalimu, kwa ruhusa ya wazee. Waandike jina la mpigaji, la kijiji na la ngoma, na tarehe. Yaliyo ya siri wayaache yalipo. Nakala moja ibaki shuleni, nyingine wapewe jamaa za mpigaji. Na mpigaji alipwe, hata kama ni kidogo, maana anayeitwa kupiga ngoma anaitwa kazini. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua sanaa za jadi. Lakini sheria haiwezi kulinda sauti ambayo hakuna awezaye kuionyesha.

Mimi mwenyewe nitatoa kipaza sauti cha kwanza. Kiko ndani ya gari, na nitamkabidhi Ndugu Mkuu wa Shule kabla ya chakula, ili nisipate muda wa kubadili nia. (Makofi.)

Nanyi vijana, endeleeni kutazama sinema zenu. Mkiona shujaa anaruka angani, fumbeni macho kidogo mkaulize ni nani anayeruka. Masikio yakishindwa kujibu, mjue kazi ile haikukamilika. Kisha mwende Kitaya mkamsikilize mzee anayeweza kumwita mtu kwa ngoma akaja.