Kanuni moja, mizani mbili: neno letu juu ya wanamichezo wa iniversite za Marekani



Leo hatusemi juu ya nani anaruka juu ao nani anafunga mingi. Tunasema juu ya swali linalokuja mbele ya mechi: nani anaruhusiwa kuingia uwanjani, nani anaambiwa abaki inje, na nani alikaa akaandika kanuni hiyo. Tumechukua mfano wa iniversite za Marekani. Mutauliza: juu ya nini Marekani, wakati hapa kwetu shida zimejaa? Juu watoto wetu wanaenda kule. Kwenye viwanja vya baskete vya Lubumbashi, Kinshasa, Goma na Bukavu, mtoto mrefu akianza kucheza vizuri, neno la kwanza analosikia ni «bursi». Na sisi wenye diplome tunaozunguka mji na bahasha mkononi, tunajua vizuri mlango wenye masharti mingi unafanana namna gani.

Njia hiyo si hadithi. Mzee Dikembe Mutombo alitoka Kinshasa, akafika iniversite ya Georgetown mwaka wa 1987 kwa bursi ya masomo, akitaka kuwa daktari. Akacheza, akamaliza masomo mwaka wa 1991, na baadaye akajenga Kinshasa hospitali yenye jina la mama yake, iliyofunguliwa mwaka wa 2007. Alipofariki mwezi wa 9 mwaka wa 2024, tulimlilia kama baba wa nyumba. Nyuma yake alikuja Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi. Tutarudi kwake, juu habari yake njo inatuonyesha ubaya wa mizani.

Kwanza tuelewe namna inavyofanyika. Michezo ya iniversite kule inasimamiwa hasa na shirika linaloitwa NCAA, lililoanza mwaka wa 1906. Kusudi ucheze katika daraja lake la kwanza, unapita milango kama minne. Wa kwanza ni shule: masomo 16 ya sekondari yanayokubaliwa, na pointi zinazotosha. Wa pili ni muda: kwa miaka mingi kanuni imekuwa misimu 4 ya kucheza ndani ya miaka 5. Wa tatu ni pesa: nani alikulipa, ngapi, na kwa mchezo gani. Wa nne si wa NCAA, ni wa serkali ya Marekani: viza. Kila mlango, ukiutazama peke yake, una maana yake. Lakini mtu hapiti mlango mmoja. Anapita yote minne, na kila mmoja una mlinzi wake.

Tuanze na pesa. Kwa miaka mingi NCAA ilisema mwanafunzi acheze kwa mapenzi, asilipwe. Wakati huohuo makocha wakubwa walikuwa wanapata mamilioni ya dola, televisheni zilikuwa zinalipa, viwanja vilikuwa vinajaa. Mchezaji alipata masomo, chumba na chakula. Hata jina lenyewe, «mwanafunzi-mwanamichezo», lilisukumwa miaka ya 1950 kusudi mchezaji aliyeumia asiweze kudai fidia kama mfanyakazi. Si sisi tunaosema hivyo. Walter Byers, aliyeongoza NCAA tangu 1951 mpaka 1987, alilieleza mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka wa 1995.

Sasa angalieni watu wawili. Enes Kanter, kijana wa Uturuki, alifika iniversite ya Kentucky mwaka wa 2010. Alipokuwa bado mdogo alichezea klabu ya Fenerbahçe, na NCAA ilipiga hesabu ikasema klabu ilimpa zaidi ya dola 33 000 kupita gharama zake. Mwezi wa 1 mwaka wa 2011 jibu la mwisho likatoka: hatachezea iniversite hata mechi moja. Mtu wa pili ni Brandon Weeden, Mmarekani. Alichaguliwa na New York Yankees mwaka wa 2002, akalipwa kucheza bezboli kwa miaka kadhaa, kisha akaingia iniversite ya Oklahoma State, akacheza futiboli ya Kimarekani mpaka msimu wa 2011, akiwa na miaka 28. Hakuvunja kitu. Kanuni inasema pesa uliyopata katika mchezo mmoja haikufungii mchezo mwingine.

Hatumlaumu Weeden. Alitumia mlango aliokuta wazi. Lakini tunauliza: kwa inchi mingi za dunia, mtoto mwenye kipaji analelewa na klabu, juu shule haina kocha wala ringi. Kule Marekani analelewa na shule. Basi kanuni iliyofuata maisha ya mmoja inamfanya mwingine aonekane mkosefu kabla hajashuka kwenye ndege.

Mwaka wa 2021 ukuta wa pesa ulianza kubomoka. Tarehe 21 mwezi wa 6, waamuzi wote 9 wa Korti Kuu ya Marekani walikata dhidi ya NCAA katika kesi ya Alston, iliyohusu misaada ya masomo ambayo iniversite zinaweza kuwapa wachezaji. Tarehe 1 mwezi wa 7, NCAA ikaruhusu wachezaji wapate pesa kwa jina na sura yao: matangazo, nguo, video. Na mwaka wa 2025, kwa mapatano ya kesi ya House, iniversite zenyewe zikaruhusiwa kuwagawia wachezaji pesa, mpaka karibu dola milioni 20.5 kwa iniversite moja katika mwaka wa kwanza.

Basi mtoto wa Lubumbashi aliketi wapi kwenye karamu hiyo? Msimu wa 2021-2022, huko Kentucky, Tshiebwe alikuwa anashika ribaundi 15.1 kwa kila mechi, na akatangazwa mchezaji bora wa mwaka wa baskete ya iniversite. Lakini viza ya mwanafunzi inabana kazi ambayo mgeni anaweza kufanya. Wenzake wa ekipe walikuwa wanafunga mikataba palepale mjini. Yeye, ekipe iliposafiri Bahamas mwezi wa 8 mwaka wa 2022, njo alitumia siku hizo kufanya matangazo, juu pale hakuwa tena kwenye udongo wa Marekani. Tafakarini kidogo: mchezaji bora wa inchi nzima anavuka bahari kusudi auze sura yake mwenyewe! Na mwaka wa 2023, NBA ilipochagua wachezaji wapya, jina lake halikuitwa. Aliingia kwa mkataba mdogo na Indiana Pacers. Miaka ile jina lake lilipokuwa na bei njo miaka ile ile karatasi ilimfunga mikono. Miaka hiyo hairudi.

Tuje kwenye muda. Hapa mizani inaonekana hata kati ya Wamarekani wenyewe. Diego Pavia, mchezaji wa futiboli wa Vanderbilt, alienda kortini akisema misimu aliyocheza katika chuo kidogo cha miaka miwili isihesabiwe. Mwezi wa 12 mwaka wa 2024 mwamuzi akamkubalia, akapata msimu mwingine. Wengine walifuata njia hiyo, na waamuzi wakatoa majibu tofauti: huyu apite, yule abaki. Maana yake nini? Kanuni ni moja kwenye karatasi, lakini mwaka wako wa mwisho unategemea mji uliposhitaki na avoka uliyeweza kulipa. Yule asiyekuwa na avoka, saa yake imekwisha.

Na mtoto wetu? NCAA inataka masomo ya sekondari yamalizike katika muda wa kawaida, na ukichelewa kuingia iniversite huku ukiendelea kucheza katika mashindano, unaweza kupoteza misimu. Kwa mtoto wa mji wenye amani, ni sawa. Lakini mwaka wa 2025, vita vilipofika Goma mwezi wa 1 na Bukavu mwezi wa 2, masomo yalisimama. Kuna watoto waliokimbia bila hata buletini moja. Kweli, kuna njia ya kuomba wasamehewe. Lakini ombi hilo linaandikwa kwa Kiingereza, linadai karatasi za asili na tafsiri, na karatasi hizo zimebaki kwenye shule iliyogeuka kambi ya wakimbizi. Saa ya kanuni inaendelea kutembea, haiulizi nani alifunga shule.

Kuna wandugu watakaosema: basi kanuni zote zifutwe. Sisi hatusemi hivyo. Bila mpaka wa muda, mtu wa miaka 27 ataketi kwenye nafasi ya yule wa 18 anayengojea bursi. Bila sharti la shule, iniversite itachukua miguu ya mtoto na kuacha kichwa chake, na siku goti likivunjika atarudi nyumbani bila mpira wala diplome. Mutombo alirudi na masomo yake. Hilo tunalitaka kwa kila mtoto. Kanuni inatakiwa. Tunachokataa ni kanuni inayopima mahali mtu alizaliwa na kuita kipimo hicho tabia yake.

Kwa hiyo tunasema mambo matatu.

Moja: kanuni ihukumu kile mtu alichochagua, isihukumu kile kilichomkuta. Kudanganya ni kuchagua. Vita si kuchagua. Kulelewa na klabu juu shule haina uwanja si kuchagua.

Pili: kanuni ijulikane mbele, na isibadilike katikati ya mechi. Kama msimu mmoja unaweza kuongezwa kwa mwenye avoka, basi uongezwe kwa wote wenye hali moja, bila kila mtu kupanda ngazi za korti.

Tatu: wachezaji wakae kwenye meza inapoandikwa kanuni, na wageni wasisahaulike. Kama serkali na iniversite za Marekani zinakubali jasho la mgeni uwanjani, zitafute viza inayokubali jasho hilo lina bei. Haiwezekani jezi yake iuzwe dukani, na yeye aambiwe kuuza jina lake ni kosa.

Lakini wandugu, tusiishie kunyooshea wengine kidole. Hapa kwetu kuna watu wanaopunguza miaka ya mtoto kwenye karatasi kusudi aonekane kipaji cha ajabu. Miaka miwili inakatwa, mitatu inakatwa, na yule mtoto mwenye umri wa kweli anasukumwa inje ya ekipe. Hiyo nayo ni mizani mbili, na siku uongo ukigunduliwa, ni mtoto njo anafukuzwa. Yule aliyeandika karatasi anatafuta mwingine. Hatuwezi kudai haki kule Marekani na kuuza tarehe za kuzaliwa hapa.

Basi, wazazi na vijana mwenye ndoto hiyo, mushike haya. Buletini zote muzitunze za asili, na mupige picha zake muziweke mahali pawili. Musiweke saini kwenye mkataba wowote, hata wa klabu ndogo, bila kuuliza utafunga mlango gani. Musipokee pesa ya mtu anayejiita ajenti. Pesa hiyo inaweza kuwa njo ya mwisho mtoto kupata kwa mchezo. Na akija mtu kusema «tutarekebisha umri», mumuonyeshe mlango.

Kuna mtoto anacheza jioni hii, viatu vyake vimepasuka, na hajui kwamba kuna masharti yameandikwa juu yake kwa luga asiyoisoma. Mumtafute, mumsomee. Na sisi wenye diplome ambao kazi hatujapata, muda tunao: kila mji ukiwa na watu wawili wa kutafsiri kanuni hizo na kusaidia kupanga karatasi, bila kumuomba mzazi hata franka moja, tutakuwa tumefungua mlango mmoja kati ya minne. Wenye kuwa tayari wabaki hapa, waandike majina leo.