Hiari Yashinda Utumwa: Lakini Hiari Ni Nini?

Wazee wetu walisema, "Hiari yashinda utumwa." Mithali hii kila mtu aijua, lakini watu wawili waweza kuitamka pamoja, na kila mmoja akakusudia maana yake. Basi usiku huu na tuzipime maana hizo, kwa mfano wa mambo yaliyotukia pwani yetu.

Maana ya kwanza ni hii: mtu ana hiari ikiwa hapana amzuiaye. Mlango u wazi. Akitaka atatoka, asipotaka atakaa. Tarehe 6 Aprili 1897 Seyyid Hamoud bin Mohammed, Sultani wa Unguja, alitoa amri kwamba sheria haitautambua utumwa tena. Lakini mtumwa hakuwa huru papo hapo. Alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuuomba uhuru wake. Masuria hawakupewa hata njia hiyo, isipokuwa waliotendewa ukatili, mpaka ilipotoka amri ya 1909. Wengine walikwenda mahakamani, na wengi wakabaki mashambani. Mwenye kuishika maana ya kwanza atasema, "Walibaki kwa hiari yao."

Maana ya pili yauliza: huko nje ya mlango kuna nini? Amri ile ile ilisema kwamba aliyepewa uhuru lazima aonyeshe kuwa ana makao na njia ya kupata riziki, asije akahesabiwa mzururaji. Na kibanda chake na muhogo wake vilikuwa katika ardhi ya bwana! Mtaalamu wa Bara Hindi, Amartya Sen, ameeleza jambo hili vizuri: mwenye kufunga na mwenye njaa wote wawili hawali, lakini mmoja angeweza kula kama angetaka. Ukiwatazama kwa mbali huwezi kuwatofautisha, na kumbe tofauti yao ni kubwa mno.

Wako pia wadhanio kwamba hiari ni wingi wa vitu vya kuchagua. Hao na wakumbuke kuwa mchagua nazi hupata koroma, na kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Tena mtumwa aambiwaye achague bwana mmoja kati ya watatu, bado ni mtumwa. Wingi peke yake haumfungui mtu.

Je, maana ya kwanza ni bure? Hasha. Baada ya 1897 wengi waliobaki walipatana na wenye mashamba: wafanye kazi siku kadha wa kadha katika juma, nao wapewe mahali pa kukaa na kulima. Bwana alikubali kwa kuwa alijua kwamba mtu huyu sasa aweza kuondoka. Hivyo hata mlango usiopitwa una nguvu yake, maadamu u wazi.

Basi kipimo chetu na kiwe hiki. Mtu akituambia kwamba fulani amechagua mwenyewe, kazi iwe, ndoa iwe, au mkataba, tusihesabu milango tu. Tuulize, "Kama angalikataa, yangalimpata nini?" Ikiwa kukataa kungalimnyima makao na chakula chake, hiari aliyopewa ni jina tu. Lakini ikiwa angaliweza kusema la, na kesho yake akaamka salama, hiyo ndiyo hiari ishindayo utumwa.

Kwaherini.