Hukumu ya Kuunganisha Nywele, na Heshima ya Kichwa cha Mwanamke

(Hotuba iliyosomwa mbele ya akina mama na mabinti wa Kiislamu, Kinindo, Bujumbura)

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake wote. Ama baada ya haya.

Enyi akina mama na mabinti, katika Kinindo, kama ilivyo katika Buyenzi na mitaa mingine ya Bujumbura, hapana arusi inayokaribia ila huzuka nyumbani suala la nywele. Zile nywele za kuongeza, ambazo watu wa mji huu huziita meshi, huuzwa kwa rangi na urefu wa kila namna. Nyingine ni nyuzi zilizotengenezwa viwandani, nyingine ni nywele za watu hasa. Binti husema, "Wenzangu wote wamesukia." Bibi yake husema, "Haramu hiyo." Mama hukaa kati, hajui amfuate nani. Na mara nyingi ubishi huo hwisha kwa machozi, wala hapana aliyepata elimu ndani yake.

Suala hili si geni. Wamepokea Bukhari na Muslim, kwa Bibi Asma binti Abubakar, kwamba mwanamke mmoja alikwenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, akamweleza habari za binti yake. Binti huyo alikuwa mwari wa arusi. Akashikwa na surua, nywele zikamwanguka. Mama yake akauliza kama yafaa kumwunganishia nywele nyingine. Mtume akamjibu kwa kutaja laana ya Mwenyezi Mungu juu ya mwenye kuunganisha na mwenye kutaka kuunganishwa. Na Ibn Umar naye amepokea hadithi ya laana hiyo hiyo.

Yapasa kutazama hapa kwa makini. Aliyeuliza hakuwa mwanamke wa anasa. Alikuwa mama mwenye uchungu, na mwanawe alikuwa mgonjwa. Hata hivyo hakuruhusiwa. Basi mwenye kusema kwamba katazo hili lilikuwa kwa wanawake wa upuuzi tu, hakuisoma hadithi. Lakini vile vile, mwenye kuichukua hadithi hii akaifanya fimbo ya kuwapigia wanawake, naye hakuisoma. Maana swali la mama yule lilisikilizwa hata mwisho, wala hapana lililopokewa kwamba alikaripiwa kwa kuuliza.

Maulamaa wametafuta sababu ya katazo, nao wametaja mambo makubwa mawili.

La kwanza ni udanganyifu. Muawiya, katika mwaka mmoja aliohiji, alipanda mimbari ya Madina akiwa ameshika fungu la nywele, akawauliza watu wako wapi maulamaa wao. Na imepokewa kwake kwamba Mtume aliliita jambo hili kwa neno lenye maana ya uongo. Mtu huonyesha asichokuwa nacho, na mwenziwe hujenga juu ya kile alichoonyeshwa. Nyumba ya ndoa haifai kuwekewa msingi wa namna hiyo. Wazee walisema, cha kuazima hakisitiri maungo.

La pili ni heshima ya mwanadamu. Mwenyezi Mungu ametaja katika Sura Bani Israil, aya ya 70, kwamba amewatukuza wanadamu. Na katika utukufu huo viungo vyao havifanywi bidhaa. Leo jambo hili ni wazi kuliko zamani. Katika hekalu la Tirumala, kusini ya India, mahujaji wa Kihindu hunyoa nywele kwa nadhiri, kisha hekalu huziuza kwa mnada, zikaenda duniani kuwa mawigi na nywele za kusukia. Aliyenyolewa hapati malipo. Mfanya biashara hupata. Mwaka 2004 hata baadhi ya marabi wa Kiyahudi waliwakataza wafuasi wao mawigi ya nywele hizo, kwa sababu ya uhusiano wake na ibada za hekalu. Ikiwa wengine huuliza nywele zimetoka kichwani mwa nani na kwa njia gani, Muislamu ana haki zaidi ya kuuliza.

Ama hukumu zenyewe, si haki kuzichanganya zote pamoja. Kuunganisha nywele za mwanadamu ni haramu, na hilo ndilo wazi katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo Waislamu wengi wa Afrika Mashariki huyafuata. Kwa nywele safi zisizo za mwanadamu, Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ametaja tofauti baina ya maulamaa wa madhehebu hayo, na kauli yenye nguvu ni kwamba mwenye mume aweza kuzitumia kwa idhini yake. Imamu Malik amezuia kuunganisha kitu chochote. Laith bin Saad wa Misri aliliona katazo ni la nywele peke yake. Na Kadhi Iyadh amesema kwamba nyuzi za hariri za rangi, zisizofanana na nywele, hazimo katika katazo, kwa kuwa ni pambo tu.

Nyuzi za viwandani hazikuwako zama hizo. Maulamaa wa sasa huzipima kwa mizani ile ile. Zile zilizotengenezwa hata mtu adhani ni nywele, wengi wamezikataza, na wigi limo humo. Kuziacha ndiyo salama ya dini. Ama uzi wa rangi ambao hapana awezaye kudhani kuwa ni nywele, jambo lake ni jepesi. Kwa hivyo, mwanamke asimkate mwenziwe kwa jambo ambalo maimamu walihitilafiana, wala asijifiche nyuma ya hitilafu ili ahalalishe lile walilokubaliana.

Tena kuna jambo la tohara, nalo wengi hulisahau. Bibi Umm Salama alimwuliza Mtume kama ni lazima kufumua misuko yake kwa josho la janaba. Akaambiwa hapana, yatosha kujimiminia maji kichwani mara tatu. Dini imefanya wepesi. Lakini gundi inayobandikwa juu ya ngozi huzuia maji yasifike, na kupaka maji juu ya nywele za kuongeza si kupaka kichwa. Yuko mwanamke achelewaye kuoga kwa kuogopa kuharibu msuko aliolipia fedha nyingi, sala zikampita siku baada ya siku. Huyo amelipa mara mbili: kwa msusi amelipa fedha, na kwa Mola wake amelipa sala.

Na mwili nao una haki. Madaktari wanajua kwamba misuko ya kubana sana, na mizigo ya nywele zilizoshonewa juu yake, huvuta mizizi ya nywele hata paji na vipaji vya kando vikabaki uwazi. Hivyo mtu huficha upungufu kwa kitu kinachouzidisha.

Je, yule binti aliyeugua afanyeje? Sheria haikumwacha bila mlango. Aliyekatazwa kuunganishiwa nywele hakukatazwa dawa. Nywele zinazopukutika baada ya uzazi au homa kali kwa kawaida hurudi. Na zinazoanguka kwa dawa za ugonjwa wa saratani mara nyingi huota tena matibabu yakiisha. Mwaka 2007 Baraza la Kimataifa la Fikihi la Kiislamu, lililokutana Malaysia, liliruhusu kupandikiza nywele kwa aliyepotewa nazo, hasa mwanamke, kwa kuwa hiyo ni kurudisha umbo aliloumbiwa. Na kabla ya yote hayo upo mtandio, unaositiri kichwa chenye nywele na kisicho nazo kwa heshima moja. Yapasa bwana arusi aambiwe kweli; akiwa mwungwana atamwoa mtu, hataoa nywele.

Yupo pia msusi. Pengine ni mjane, na watoto wake hula kwa vidole vyake. Hadithi imemtaja mwenye kuunganisha kabla ya mwenye kuunganishwa, kwa hiyo hawezi kusema, "Mimi nafanya kazi tu." Lakini kazi yake haikuharamishwa yote. Kusuka nywele za mtu mwenyewe, kuzipaka mafuta, kuzitunza na kuzipamba kwa uzi, ni halali na ni riziki njema. Imepokewa na Abu Daud kwamba mwenye nywele ameamrishwa kuzitunza. Wanawake wa jumuiya wanaomhimiza kuacha haramu, na waende kwake kwa kazi ya halali, wamlipe haki yake bila kumpunja. Kumnyima mtu mlango mmoja bila kumfungulia mwingine si nasaha.

Mwisho, neno liwafikie wanaume. Mume anayesifu vichwa vya wanawake wa barabarani mbele ya mkewe, na kaka anayemcheka dada yake kwa kipilipili chake, hao ndio waanzao kumpeleka dukani. Kisha hurudi wakamlaumu kwa dini. Nywele fupi na za kipilipili ni kazi ya Mwenyezi Mungu, na mwenye kuidharau kazi amemkosea adabu Mtenda. Mtoto wa kike akilelewa tangu udogo na kuambiwa kichwa chake ni kizuri kama kilivyo, atakapokuwa mwari hatakuwa na haja ya kuazima kichwa cha mwingine.

Mwenyezi Mungu awape akina mama wa Kinindo elimu yenye huruma, na huruma yenye elimu, na awafanye mabinti zao kuwa pambo la nyumba zao na la dini yao. Amin.