Mabaki ya Kauri Tanurini: Kukaa Vizuri Kunathibitisha Nini?

Vinia ni ganda la kauri, mara nyingi la unene wa milimita 0.3 hadi 0.7, linalogandishwa usoni mwa jino. Kwa njia ya kushindilia, fundi wa maabara hulichonga kwanza kwa nta, hulizika katika plasta ya kalibu na kuiunguza nta yote. Kisha tanuri, kwa joto la takriban nyuzi 920 za Selsiasi, hulainisha kidonge cha lithiamu disiliketi na kukisukuma kijaze tundu lililobaki. Kalibu ikivunjwa, vinia hutoka na mirija yake pamoja na kitako cha kauri ambacho mara nyingi ni kikubwa kuliko kazi yenyewe. Kwetu vidonge hivi huagizwa kutoka nje, kwa hiyo anayetaka kukirudisha kitako tanurini asiitwe bahili.

Watetezi wa kutumia tena mabaki haya hutuonyesha vinia zilizotokana nayo zilizokaa barabara kwenye jino. Sina shaka zimekaa. Ila ukaaji huo ni kazi ya nta, na ya plasta inayotanuka kwa kiasi cha kufidia kusinyaa kwa kauri inapopoa. Kauri yoyote iliyolainika vya kutosha itajaza tundu, iwe mpya au ya jana. Mikromita 120 za watafiti McLean na von Fraunhofer, zilizopendekezwa mwaka 1971 na zinazotajwa hadi leo kama kikomo cha pengo la ukingoni, hazipimi kilichomo ndani ya ganda. Humo mna fuwele mfano wa sindano, zilizofumana, zinazochukua takriban asilimia 70 ya ujazo, na ndizo zinazozuia ufa usiende mbali. Joto la pili huweza kuzikuza na kuupangua mfumo huo. Matokeo ya majaribio hayalingani: kauri nyingine hubaki na nguvu yake, nyingine hupungukiwa.

Nitajibiwa kwamba vinia haibebi mzigo kama taji, bali huegemea enameli. Ni kweli, na hoja hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Ikiwa uhai wa vinia uko kwenye mgando na rangi, basi adui ni uchafu. Kauri ikigusana na plasta ya kalibu motoni hufanya utando mgumu juu yake; kitako kisiposafishwa hadi ukaisha, utando huo huingia katika ushindiliaji unaofuata, na doa ndani ya nusu milimita halina pa kujificha. Tena vinia hukaa ubavuni mwa wenzake, mbele kabisa ya tabasamu. Kwa hiyo mabaki ningeyaacha kwa wanafunzi na vipande vya majaribio. Yakiingia kinywani, iwe mara moja tu, kwa maabara iliyokwisha kupima nguvu na rangi ya kauri hiyo hiyo katika tanuri lake, na mgonjwa aambiwe kabla enameli yake haijachongwa, na aambiwe pia kwamba watengenezaji huelekeza kidonge kitumike mara moja.