Njia za Matogoro zitunzwe kwa fedha gani?

Msikilizaji wa Songea, milima ya Matogoro ndiyo chanzo cha Mto Ruvuma, na wengi wetu hupanda huko kutembea. Adui wa njia zile ni maji. Masika moja tu, mkondo huchimba njia, watu hukwepa pembeni, na mmomonyoko hupanuka. Dawa yake ni mifereji ya kuchepusha maji, izibuliwe kabla ya mvua za Novemba. Kazi hiyo yataka jembe, panga na ujira wa kila mwaka.

Fedha zaweza kuombwa: Sheria ya Misitu ya 2002 ilianzisha Mfuko wa Misitu Tanzania, unaotoa ruzuku. Vikundi vya Matogoro, andikeni maombi! Nasi wapandaji tuchangie. Njia ni yetu.